Kuahirisha hedhi kwa vidonge vya majira wakati wa safari ya Hija

SWALI: Assalaam alaykum, daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 37, naishi Tanga. Mwaka huu, Mungu akipenda, mimi na mume wangu tunakwenda Hija, na safari yetu ni ya siku 24. Natumia vidonge vya majira vya pakiti ya 28, huu ni mwaka wa pili, na tangu mwaka jana najinunulia mwenyewe dukani. Kwa hesabu yangu, siku ya kuondoka nitakuwa kwenye kidonge cha 16, kwa hiyo hedhi itanikuta huko huko. Muuza dawa amenipa norethisteroni ya miligramu 5, nimeze mara tatu kwa siku pamoja na vidonge vyangu. Shangazi yangu naye anasema nikizuia damu itajikusanya tumboni na kuniletea uvimbe. Niliwahi kupata presha nilipokuwa na mimba ya mtoto wa pili. Je, ni salama kuruka hedhi? Na nikirudi, naweza kuendelea kuiruka, maana siku zangu zina maumivu makali na damu nyingi?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Nitatanguliza jibu, kisha nieleze sababu zake. Unaweza kuahirisha hedhi kwa vidonge vile vile unavyotumia, bila kuongeza dawa nyingine yoyote, kwa kuviacha vile saba vya mwisho na kuanza pakiti mpya siku inayofuata. Hata hivyo, usifanye hivyo kabla hujapimwa presha, na norethisteroni uliyopewa usiimeze pamoja na vidonge hivyo.

Tuanze na pakiti yenyewe, kwa kuwa hofu nyingi huondoka mtu akishaelewa kilichomo. Katika pakiti ya 28 ya aina inayotumika sana katika vituo vyetu, kama Microgynon, vidonge 21 vya kwanza vina homoni mbili, yaani estrojeni (maikrogramu 30 za ethinili-estradioli) na projestojeni (maikrogramu 150 za levonojestreli). Vidonge saba vya mwisho, ambavyo kwa kawaida ni vya kahawia, havina homoni hata kidogo. Vina madini ya chuma ya kuongeza damu, na kazi yake kubwa ni kukufanya usipoteze mazoea ya kumeza kila siku. Unapofika kwenye vile vya kahawia, homoni zinashuka mwilini, na siku mbili au tatu baadaye damu inatoka. Damu hiyo tunaiita hedhi kwa mazoea, lakini si hedhi ile ya mwanamke asiyetumia vidonge, kwa sababu yai halikupevuka mwezi huo. Ni damu inayotoka kwa kuwa homoni zimekatizwa. Zisipokatizwa, haitoki.

Hapo ndipo nasaha ya shangazi yako inapokosea, ingawa najua anaisema kwa kukutakia heri na kwamba si yeye peke yake anayeiamini. Mfuko wa uzazi si mtungi unaojazwa kidogo kidogo mwezi mzima, kisha ukahitaji kumwagwa. Kinachotoka wakati wa hedhi ni utando wa ndani wa mfuko huo pamoja na damu ya mishipa yake midogo. Kwa mwanamke asiyetumia vidonge, utando huo hunenepa kila mwezi kwa nguvu ya estrojeni ya mwili wake, na usipopokea mimba hubomoka. Kwa mwanamke anayemeza vidonge vyenye homoni kila siku, projestojeni huuzuia utando usinenepe. Unabaki mwembamba, mkavu, usio na cha kubomoka. Kwa hiyo hakuna damu iliyozuiwa na hakuna inayotafuta pa kutokea. Wala hakuna ushahidi kwamba kuruka mapumziko ya vidonge huleta uvimbe wa kizazi. Utando wa kuhofiwa ni ule unaonenepa miezi na miezi kwa mwanamke asiyetumia homoni yoyote na asiyepata hedhi, na huyo ni lazima achunguzwe. Hali yako ni kinyume cha hiyo.

Mtu anaweza kuuliza: kama mapumziko yale hayana faida, yaliwekwa kwa nini? Vidonge vya kwanza, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1960 kwa ajili ya kuzuia mimba baada ya kazi ya Gregory Pincus na John Rock, vilipangwa vifuate mwezi wa kawaida wa mwanamke ili aone damu, ajue hana mimba, na asihisi kwamba kitu kigeni kimeingia mwilini mwake. Ulikuwa mpango wa kumtuliza mtumiaji. Mwaka 1977 watafiti wa Edinburgh walichapisha matokeo ya wanawake waliomeza vidonge vya homoni kwa siku 84 mfululizo kabla ya kupumzika. Mwaka 2003 Marekani iliidhinisha pakiti yenye vidonge 84 vya homoni kwa mfululizo. Na mwaka 2019 chombo cha wataalamu wa afya ya uzazi cha Uingereza kilitamka katika mwongozo wake kwamba yale mapumziko ya siku saba hayana faida ya kiafya. Kwa hiyo unachokiuliza si jambo la jana, wala si ujanja wa muuza dawa.

Nasema salama, lakini nataka neno hilo lipimwe vizuri. Ukihesabu, mwanamke anayetumia pakiti 13 kwa mwaka humeza vidonge 273 vyenye homoni. Kuruka mapumziko mara moja kwa ajili ya Hija kunamwongezea vidonge saba. Kama 273 vinamfaa, saba zaidi haviwezi kugeuka sumu; na kama havimfai, basi tatizo lilikuwapo tangu kidonge cha kwanza. Ndiyo maana swali la kuruka hedhi linanipeleka kwenye swali lililo kubwa zaidi, ambalo katika barua yako umelipita haraka: je, vidonge vyenye estrojeni vinakufaa wewe, kwa umri wako wa sasa na kwa presha yako ya sasa?

Umesema ulipata presha wakati wa mimba ya pili. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mwanamke aliyewahi kupata presha ya mimba anaruhusiwa kutumia vidonge hivi ikiwa presha yake ya sasa imepimwa na kuonekana ni ya kawaida. Wewe unajinunulia vidonge tangu mwaka jana, na hukutaja kupimwa. Nenda zahanati wiki hii, si wiki ya safari. Keti dakika tano bila kuongea, uwe hujatoka kunywa kahawa, upimwe mara mbili. Ikiwa chini ya 140 kwa 90, endelea na mpango nitakaoueleza. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, vidonge vyenye estrojeni si vyako tena, hata kama Hija isingekuwapo, na daktari akupangie njia nyingine ya uzazi wa mpango. Ikifika 160 kwa 100, usisubiri kipimo cha siku nyingine. Onana na daktari siku hiyo hiyo. Kwa kuwa kila hujaji hutakiwa kuchanjwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, wengine huomba kupimwa presha siku hiyo hiyo ya chanjo, nami naona ni utaratibu mzuri.

Wapo wanawake ambao nisingewapa vidonge hivi hata kwa wiki mbili, na nawataja kwa sababu barua yako itasomwa na wenzako. Yule aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, aliyewahi kupata kiharusi au ugonjwa wa moyo, mwenye saratani ya matiti, mwenye ugonjwa mkali wa ini, mwenye kisukari kilichokwisha kuharibu mishipa, macho au figo, na mwenye umri wa miaka 35 au zaidi anayevuta sigara. Mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona miali, mistari ya kumetameta au kufa ganzi upande mmoja, naye yumo, na wengi wao hawajui kwamba wamo, maana wamezoea kusema tu «kichwa kinaniuma». Mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita atumie njia isiyo na estrojeni. Mwenye selimundu amwambie daktari kabla ya kuanza, kwa kuwa njia zisizo na estrojeni humfaa zaidi. Na yule anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu, au dawa za kifafa kama fenitoini, karbamazepini na fenobarbitali, ajue kwamba dawa hizo huvunja nguvu ya vidonge: anaweza kutokwa na matone ya damu na hata kushika mimba. Antibiotiki za kawaida kama amoksilini hazina shida hiyo, isipokuwa zikikuharisha au kukutapisha.

Hatari inayozungumzwa zaidi ni ya kuganda kwa damu kwenye mishipa, na hapa nitatoa tarakimu ili hofu isizidi kiasi chake wala isipungue. Kati ya wanawake 10,000 wasiotumia vidonge na wasio na mimba, wapatao 2 hupatwa na tatizo hilo kwa mwaka. Kwa wanaotumia vidonge vyenye levonojestreli, kama vyako, ni 5 hadi 7. Kwa wanaotumia vyenye drospirenoni, yaani projestojeni ya aina nyingine, ambavyo siku hizi vinapatikana kwenye famasia za mijini na kusifiwa kwamba havinenepeshi, ni 9 hadi 12. Mimba na wiki za baada ya kujifungua zina hatari kubwa kuliko vidonge vyote hivyo. Hata hivyo, safari ya Hija ina mambo yake: kuketi kwenye ndege au basi kwa saa nyingi, joto kali, na kunywa maji kidogo kwa kuogopa foleni ya choo. Hilo la mwisho nimelisikia kwa mahujaji wengi wanawake, nami nalipinga kwa nguvu zote. Kunywa maji, nyoosha miguu, simama utembee ndani ya ndege kila baada ya saa moja au mbili.

Sasa tuje kwenye hesabu yako. Siku ya kwanza ya safari unameza kidonge cha 16. Siku ya sita unameza cha 21, ambacho ni cha mwisho chenye homoni. Ungeendelea kama kawaida, siku ya saba ungeanza vile vya kahawia, na damu ingekujia kati ya siku ya nane na ya tisa. Badala yake, siku ya saba ya safari weka kando pakiti hiyo na vidonge vyake saba vya kahawia, kisha fungua pakiti mpya na umeze kidonge cha kwanza, saa ile ile uliyozoea. Siku ya 24, mnaporudi, utakuwa kwenye kidonge cha 18. Maliza vitatu vilivyobaki ukiwa nyumbani, halafu ingia kwenye vya kahawia vya pakiti hiyo ya pili, na hedhi itakuja siku chache baada ya wageni wa kukupongeza kupungua. Utakuwa umemeza vidonge 42 vyenye homoni mfululizo. Jambo la kuangalia sana ni kwamba kidonge cha kwanza cha pakiti mpya kimezwe siku inayofuata kile cha 21, bila kuacha hata siku moja katikati.

Wapo wanaopenda kufanya jaribio mwezi au miezi miwili kabla ya safari, waruke mapumziko mara moja nyumbani waone mwili unavyopokea. Kwa mtu anayeanza vidonge kwa mara ya kwanza ningesisitiza, tena ningemtaka aanze angalau miezi mitatu kabla ya kuondoka, kwa kuwa matone ya damu huwa mengi katika pakiti za mwanzo na hupungua jinsi mwili unavyozoea. Wewe umeshatumia zaidi ya mwaka, na kwako naona si lazima. Ukiamua kulifanya, kumbuka kwamba hesabu yote itasogea kwa siku saba: siku ya kuondoka itaangukia penye kidonge cha 23, yaani kati ya vile vya kahawia, hivyo utalazimika kuanza pakiti mpya siku moja kabla ya safari, pakiti hiyo itakwisha siku ya 20 ukiwa bado huko, na utahitaji nyingine ya kuanzia siku ya 21. Hilo nalo halina madhara, ila mtu aliyefanya jaribio na kusahau kurudia hesabu hujikuta Makka bila vidonge.

Kuhusu norethisteroni, simlaumu muuza dawa kwa kuijua, kwa sababu ndiyo dawa inayotumika sana kuahirisha hedhi kwa mwanamke asiyetumia vidonge vya majira na ambaye safari imemkaribia. Humezwa miligramu 5 mara tatu kwa siku, ikianzwa angalau siku tatu kabla ya siku ambayo hedhi inatarajiwa, na hedhi huja siku mbili au tatu baada ya kuiacha. Kosa lake ni kukupa wewe. Kwanza, haina cha kukuongezea, kwa kuwa vidonge vyako vinafanya kazi hiyo hiyo. Pili, na hili halijulikani sana hata kwa baadhi ya watoa huduma, norethisteroni ikimezwa kwa kiwango hicho, sehemu yake hugeuzwa na mwili kuwa ethinili-estradioli, ile ile estrojeni iliyomo kwenye vidonge vya majira, kwa kiasi kinachokaribia cha kidonge kimoja kwa siku. Kwa hiyo mwanamke anayechanganya vitu hivyo viwili anakuwa karibu sawa na aliyemeza vidonge viwili vya majira kila siku. Kwa sababu hiyo hiyo, yule aliyekatazwa vidonge kwa ajili ya kuganda kwa damu asidhani kwamba norethisteroni ni mlango wa nyuma. Daktari anaweza kumfikiria dawa nyingine, kama medroksiprojesteroni ya kumeza, ambayo haigeuki hivyo. Vilevile, norethisteroni ya kuahirisha hedhi isitegemewe kuzuia mimba, na isizidi wiki mbili hivi bila usimamizi wa daktari.

Vipo vingine vinavyotumika mitaani, navyo nitavipita upesi. Ndimu na siki hazizuii hedhi, hata ukinywa mpaka meno yakafa ganzi. P2 ni dawa ya dharura ya kuzuia mimba. Ukiimeza ili kusogeza hedhi itavuruga mzunguko wako wote na damu inaweza kuja siku usiyoitaka kabisa. Sindano ya miezi mitatu hukausha hedhi kwa wanawake wengi, lakini baada ya kurudiwa kwa muda mrefu, takribani nusu yao wakitimiza mwaka. Sindano ya kwanza mara nyingi huleta matone yasiyo na ratiba, kwa hiyo mtu anayechomwa wiki chache kabla ya Hija anajitafutia usumbufu ule ule anaoukimbia. Vidonge vya mama wanaonyonyesha, vyenye projestojeni peke yake, navyo havitabiriki, wala havina vidonge vya kahawia vya kuruka. Na ukiambiwa kuna kidonge cha kumeza mara moja tu kwa mwezi, kisicho na maandishi unayoweza kuyasoma, kiache huko huko.

Sasa nikueleze jambo ambalo hakuna daktari mkweli atakayekuahidi. Hakuna njia inayohakikisha kwamba hutaona hata tone. Baadhi ya wanawake, hasa wanaporuka kwa mara ya kwanza, huona madoa ya kahawia au matone mepesi katikati ya pakiti ya pili. Hayana madhara na hayamaanishi kwamba vidonge vimeshindwa kuzuia mimba, ilimradi hukusahau. Sababu kubwa ya matone ni kuchelewa kumeza, na hapa mahujaji wa Afrika Mashariki tuna bahati: saa za Makka na za kwetu ni zile zile, hakuna cha kusogeza. Ukizoea kumeza saa mbili usiku Tanga, utameza saa mbili usiku Makka. Chagua wakati ambao kwa vyovyote utakuwa macho na una maji mkononi, na weka kengele ya simu, kwa kuwa siku za Mina na Arafa zina msongamano unaomsahaulisha mtu hata kula.

Kama matone yakitokea, usiache vidonge na usimeze viwili viwili kwa hasira. Endelea kama kawaida. Utaratibu wa kupumzika siku nne kisha kuanza tena, ambao tunawashauri wanaoruka kwa muda mrefu baada ya kumaliza vidonge visivyopungua 21, haukufai ukiwa katikati ya ibada, kwa sababu utakuletea damu ile ile unayoikwepa. Wala usikubali kupewa asidi ya traneksamiki na mwenzako wa chumbani ili kukata damu. Ikichanganywa na vidonge vyenye estrojeni inaongeza hatari ya damu kuganda. Kama matone hayo ni hedhi au ni istihadha (damu isiyo ya hedhi), na kama unaweza kutufu nayo, mimi si mwenye kauli. Muulize shekhe wa kikundi chenu kabla ya kuondoka, na umweleze kwa ufasaha: rangi, kiasi, na kwamba uko katikati ya vidonge vyenye homoni. Nitakumbusha tu jambo ambalo masheikh wenyewe hulisema kila mwaka, kwamba Bi Aisha alipatwa na hedhi akiwa safarini na Mtume kwenda Hija, akaambiwa afanye yote anayofanya hujaji isipokuwa kutufu mpaka atwaharike. Nalisema kwa sababu nimewaona wanawake wenye presha ya 170 wanaotaka vidonge kwa nguvu, kana kwamba bila vidonge Hija yao imekufa.

Chukua pakiti tatu: unayoitumia, ya pili, na moja ya akiba ikae kwenye mkoba wa bega unaotembea nao, si kwenye sanduku. Ya akiba si ya mapambo. Kuharisha na kutapika ni jambo la kawaida kwa mahujaji, na ukitapika ndani ya saa tatu baada ya kumeza, unatakiwa umeze kingine. Usiache pakiti ndani ya basi juani. Ukisahau kidonge kimoja, kimeze mara unapokumbuka, hata kama itabidi umeze viwili siku moja, na uendelee. Ukisahau viwili au zaidi, meza kimoja mara moja, endelea na vinavyofuata, tumia kondomu kwa siku saba mtakapokutana na mumeo, na uwe tayari kuona damu. Kabla ya kuondoka, kama ulisahau vidonge miezi hii, pima mimba kwa mkojo, kwa kuwa ukiruka hedhi utakuwa umejiondolea dalili ambayo wanawake wengi huitegemea.

Zijue pia dalili za kukupeleka kwenye kituo cha afya bila kusubiri kikundi: mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, kifua kuchoma ghafla au pumzi kukatika, maumivu ya kichwa makali usiyowahi kuyapata, macho kuona giza, au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea. Mina na Arafa kuna vituo vya afya kwa ajili ya mahujaji. Mwambie mhudumu kwamba unatumia vidonge vya kuzuia mimba, na umwoneshe pakiti, maana jina la dawa linaeleweka hata mkikosa lugha ya pamoja.

Swali lako la mwisho, la kuendelea kuruka baada ya Hija, ndilo ambalo wengine hulionea haya, kana kwamba mwanamke hana haki ya kutaka nafuu isipokuwa kwa ajili ya ibada. Unaruhusiwa. Wengi humeza pakiti tatu mfululizo, vidonge 63, kisha hupumzika siku nne hadi saba, na hivyo hupata damu mara tano hivi kwa mwaka. Maumivu hupungua, na anayepoteza damu nyingi hupata nafasi ya kurudisha wekundu wa damu yake. Uwezo wa kuzuia mimba haupungui. Mapumziko ndiyo mahali pa hatari, kwa kuwa mtu anayechelewa kuanza pakiti baada ya siku saba huzipa ovari muda wa kuamka. Wala hutaharibu kizazi: katika utafiti wa wanawake waliomeza vidonge mwaka mzima bila mapumziko, karibu wote walirudiwa na hedhi au kushika mimba ndani ya siku 90 baada ya kuacha.

Hata hivyo, kabla ya kuificha damu yako, nataka ijulikane inatoka kwa nini. Umesema ni nyingi na ina maumivu makali, na hayo unayapata hata ukiwa kwenye vidonge, ambavyo kwa kawaida huipunguza. Mwanamke wa miaka 37 mwenye hali hiyo apimwe wingi wa damu na afanyiwe picha ya ultrasaundi ya kizazi, kwa kuwa faibroidi, yaani uvimbe wa kizazi, ni nyingi kwa wanawake wetu, na upo pia ugonjwa wa endometriosisi, ambapo utando kama ule wa ndani ya kizazi huota nje yake. Kama hujawahi kuchunguzwa mlango wa kizazi, fanya siku hiyo hiyo. Na damu yoyote inayokuja baada ya tendo la ndoa isihesabiwe kuwa matone ya vidonge mpaka umechunguzwa.

Ukirudi na kumaliza kidonge cha 21 cha pakiti ya pili, tarajia damu siku mbili au tatu baadaye; inaweza kuwa nyepesi kuliko ulivyozoea, na kwa wengine hupita wiki nzima ya vidonge vya kahawia bila kuonekana. Ikitokea hivyo, pima mkojo siku ya saba, na kama hakuna mimba anza pakiti mpya siku inayofuata, bila kusubiri damu.